Kipimo cha choo au kamera? Kwa sisi wa Lamu tunaoiogopa saratani ya utumbo

Mkoi wangu, yani binamu, wa upande wa mama alinitumia voisi juzi baada ya isha. Ana miaka 47, hana tatizo lolote, ngazi za nyumba yao za orofa tatu azipanda bila kuhema, lakini tangu aone babangu amefanyiwa opresheni ya utumbo mpana amekua hana raha. "Mkoi, wewe ndo ulopitia haya mambo, nambie nifanye kipi, kile cha kupima choo ama ile ya kuingizwa kamera, manake kila mtu aniambia lake." Nilimjibu kwa voisi nne ndefu mpaka simu ikaisha chaji, alafu nikaona bora niyaandike kabisa, najua si yeye peke yake anaejiuliza hapa mui wa Amu na visiwani kote.

Jibu fupi nilimpa palepale. Yeye: kipimo cha choo, kila mwaka. Mimi: kamera. Na babangu hakuhitaji kulinganisha chochote, alifaa kupelekwa kamera moja kwa moja siku ile ya kwanza alipoona damu. Watu watatu, majibu matatu, na sababu zake ndo hizi.

Ukiona damu usisome ulinganisho, nenda

Naanza na hili manake ndo lililotuumiza sisi. Kipimo cha choo ni cha mtu ambae HANA dalili. Kazi yake ni kutafuta damu ambayo macho hayaioni. Sasa wewe kama damu unaiona kwa macho yako, unapima nini tena? Na hatari yake ni kwamba kikija negativu unaridhika unakaa, ilhali saratani zingine hazitoi damu kila siku, siku ulopima yawezekana ilikua siku kavu.

Babangu aliona damu zaidi ya mwaka mzima. Kwetu sisi damu kwenye choo ni bawasiri, basi, hakuna neno lingine, na bawasiri ni kitu cha aibu mtu hakisemi hadharani, anakwenda kimyakimya kwa mtu wa dawa. Alikunywa dawa za miti, alipaka marhamu, zahanati moja ikampa vidonge vya bawasiri bila hata kumlaza kitandani kumuangalia. Hakuna aliempima hata kwa kidole. Alafu akaanza kuchoka, akaambiwa damu imepungua akapewa vidonge vya kuongeza damu, damu ikapanda kidogo ikashuka tena, na bado hakuna alieuliza hii damu inakwenda wapi.

Nataka kila mtu alijue hili: mwanamume mzima, au mwanamke ambae hedhi imeshakoma, akipungukiwa na damu kwa kukosa madini ya chuma na sababu haijulikani, utumbo wake lazima uangaliwe. Si kuongezewa vidonge tu. Na rangi ya damu isikudanganye, watu husema ikiwa nyekundu mbichi ni bawasiri ikiwa nyeusi ndo mbaya, lakini saratani ikiwa karibu na mwisho wa utumbo nayo hutoa damu nyekundu mbichi, na tena mtu aweza kuwa na bawasiri na saratani kwa pamoja, moja haizuii nyingine. Dalili zingine ni choo kubadilika wiki kadhaa mfululizo, mara kufunga mara kuharisha, choo kuwa chembamba kuliko kawaida, kuhisi hujamaliza hata ukitoka chooni sasa hivi, tumbo kusokota, kukonda bila kujinyima. Ndio, amiba na minyoo nazo huleta mengi ya haya, kwa hivo ukitibiwa amiba na dalili zikabaki palepale usirudie dawa ya amiba mara ya tatu, omba barua ya rufaa.

Na usijiambie mimi bado kijana. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alifariki Julai 2019 kwa saratani hii akiwa na miaka 41. Chadwick Boseman yule muigizaji wa Marekani alifariki 2020 ana miaka 43, na aligundulika 2016. Hiyo miaka 45 ntakayoitaja huko chini ni ya mtu mzima wa afya anaekwenda kujikagua, mwenye dalili hana umri wa kungojea.

Kwa nini kupima mapema kunasaidia kwa hii kuliko zingine

Saratani ya utumbo mpana mara nyingi haianzi kama saratani. Inaanza kama kinyama kidogo ndani ya ukuta wa utumbo, madaktari wanakiita polipu, hakiumi, hakisumbui, na vingi vyake havigeuki kitu maisha yote. Vichache ndo hukua taratibu mpaka vikawa saratani, na safari hiyo kwa kawaida huchukua kama miaka 10. Kwa hivo hapa una nafasi ambayo saratani nyingi hazikupi, unaweza kukikata kile kinyama kabla hakijawa ugonjwa. Hiyo si kutibu, ni kuzuia kabisa. Na hata ikiwa imeshakua saratani, ikikutwa bado iko ndani ya utumbo tu, takwimu za Marekani zinaonyesha wagonjwa kama 9 kati ya 10 wako hai baada ya miaka mitano, ikishafika mbali kama kwenye ini au mapafu wanabaki kama 1 au 2 kati ya 10. Ugonjwa ni ule ule mmoja, tofauti ni siku ulokutwa.

Kipimo cha choo

Vipo viwili na watu wanavichanganya. Cha zamani kinatumia kemikali, hicho kinataka uache nyama nyekundu na vidonge vya vitamini C siku tatu kabla, na unatoa choo cha siku tatu tofauti. Kipya kinaitwa FIT, kinatafuta damu ya binadamu peke yake kwa hivo hata ukila mishkaki jana usiku haidhuru, na sampuli moja inatosha. Ukienda maabara uliza kabisa, "hii yenu ni FIT?" Wakisema hawajui, mtafute anaejua.

Ubaya wake tuseme wazi. FIT ukiifanya mara moja inashika kama saratani 3 kati ya 4, au zaidi kidogo, na zile polipu kubwa inashika kama robo tu. Ndo manake si kipimo cha mara moja ukasahau, nguvu yake iko kwenye kurudia kila mwaka, kilichopita mwaka huu kinanaswa mwaka kesho. Mtu alofanya mara moja mwaka 2021 akasema "mimi nshapima", huyo hajapima.

Kuna jambo la joto pia ambalo sikuwahi kusikia mtu akiambiwa kaunta. Damu kwenye sampuli huharibika ikikaa kwenye joto, na ikiharibika kipimo kinasoma hamna damu. Huko Italia waligundua majibu ya pozitivu hupungua wakati wa joto kali, na joto lao si joto letu la kaskazi. Kwa hivo mkoi nilimwambia hivi: chukua asubuhi, peleka asubuhi ile ile, usiiweke mfukoni ukapita kwanza kunywa chai, na kama watoka Matondoni au Kipungani iweke kwenye kikoba chenye kitu cha baridi. Bora zaidi fanya wakati wa kipupwe, mwezi wa 6 mpaka wa 8, mwili haujali ni mwezi gani ila sampuli inajali. Alafu vyoo vyetu ni vya kuchuchumaa na tunatumia maji, kwa hivo tandika gazeti au mfuko safi, chukua kabla ya maji kugusa, kiasi kidogo tu kwa kile kijiti chao, haitakiwi kujaza kichupa. Mwanamke asifanye siku za hedhi, na alie na bawasiri inayotoka damu wakati huo huyo nshamwambia juu, aonane na daktari.

Ikija pozitivu? Usizimie. Wengi wanaokuja pozitivu hawana saratani, ni polipu au bawasiri au kidonda. Lakini pia usirudie kipimo cha choo ili upate jibu la kukufurahisha, watu hufanya hivi sana, pozitivu ya kwanza ndo tiketi ya kamera na kamera inafaa ifanyike ndani ya miezi michache. Kama moyoni unajua hata ikija pozitivu huwezi kwenda kamera, panga kwanza hilo la kamera na familia, ndo ukapime.

Kamera

Kolonoskopi. Mrija mwembamba wenye kamera unapita nyuma unaangalia utumbo mpana wote, kama mita moja na nusu, na uzuri wake mkubwa ni kwamba akiona polipu anaikata hapohapo, kupima na kuzuia kwa siku moja. Inashika zaidi ya saratani 9 kati ya 10. Ikija safi na wewe huna historia kwenye familia, unapumzika miaka 10.

Mimi nilifanya nikiwa na miaka 41. Sababu yangu ni baba. Mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto wako akiwa ameugua, unaanza ukiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya ule umri aliogundulika yeye, kinachotangulia ndo hicho. Baba aligundulika na miaka 54, kumi kabla ni 44, kwa hivo 40 inatangulia, na mimi na ndugu zangu sote tumeambiwa kila miaka mitano manake baba alikua chini ya 60. Mkoi wangu si damu ya baba, yeye ahesabiwa kama mtu wa kawaida, na mtu wa kawaida ni 45 kwenda mbele. Zamani ilikua 50, Marekani walishusha mwaka 2021 kwa sababu vijana wameanza kuugua zaidi.

Kamera yenyewe sikuisikia, nilidungwa sindano ya usingizi nikaamka imekwisha. Shida ni siku iliyotangulia, na kwa mtu wa Lamu shida hiyo ni kubwa kuliko wanavokuandikia kwenye karatasi. Unapewa dawa ya kusafisha tumbo, ni kama haluli lakini ya malita, mara nyingi lita 2 mpaka 4, nusu jioni nusu alfajiri, na unakwenda chooni mpaka kinachotoka ni maji ya manjano masafi. Sasa fikiria mtu ainywe Amu, apande boti mpaka Mokowe alafu basi masaa sita saba mpaka Mombasa. Haiwezekani, usijaribu. Nenda siku mbili kabla, fikia kwa mtu wenu mwenye choo cha ndani usichogombania na watu kumi, Malindi au Mombasa popote utakapofanyiwa, na dawa uinywee huko.

Siku mbili tatu kabla unaacha mbegu, mboga za majani, maharagwe, mkate wa mofa. Siku ya mwisho ni vya majimaji tu vinavyopitisha mwanga: maji, dafu, chai ya rangi, kahawa tungu ilochujwa vizuri, supu ilochujwa. Maziwa hapana, juisi nzito ya ukwaju hapana, na chochote chekundu hapana manake kitaonekana kama damu. Vidonge vya kuongeza damu unaviacha wiki moja kabla. Mwenye sukari, mwenye dawa za kulainisha damu, mwenye figo, msifuate karatasi ya mtu mwingine, mwambieni daktari kila dawa mnayokunywa apange yeye. Na msiweke tarehe ndani ya Ramadhani kama si ya dharura.

Baada yake usirudi kisiwani siku hiyo. Kwanza huruhusiwi kuondoka peke yako kwa ajili ya ile sindano. Pili, hatari ya utumbo kutoboka ni ndogo, kama watu 3 au 4 kwa kila 10,000, na damu kuvuja inatokea zaidi ya hivo, hasa waliokatwa polipu, ni nadra lakini ikitokea wataka uwe karibu na chumba cha opresheni si katikati ya barabara ya Garsen. Tumbo kuuma sana na kukaza, homa, damu nyingi: rudi saa hiyo hiyo. Mimi nililala usiku mmoja zaidi nikaondoka nimetulia.

La sitara nimeulizwa na wanawake wengi. Unavalishwa kaptula maalum yenye mwanya nyuma na unafunikwa shuka, unalala ubavu, na unaweza kuomba nesi mwanamke awepo, mimi niliomba nikapewa bila kuonekana msumbufu. Aibu isiwe ndo sababu.

Sasa ukiviweka ubavu kwa ubavu

Ukiangalia kipimo chenyewe kwa siku moja, kamera inashinda, hakuna mjadala. Lakini mtu hachagui kipimo kwa siku moja, anachagua kwa miaka kumi, na kwa miaka kumi swali ni kipi utakifanya kweli. Hispania walifanya utafiti mkubwa wa watu kama 57,000 wenye miaka 50 mpaka 69, nusu wakaalikwa kwa kamera mara moja, nusu wakaalikwa FIT kila miaka miwili, majibu ya miaka 10 yakatoka 2025 na vifo vya saratani hii vilikua karibu sawa pande zote mbili. Kwa nini, na kamera ndo kali zaidi? Manake waloalikwa FIT walijitokeza wengi zaidi, kama 40 kati ya 100, wa kamera kama 32. Na hao ni watu ambao spitali iko karibu yao. Sisi tuna bahari katikati.

Kwa hivo mkoi wangu, na kila mtu wa 45 na zaidi asie na dalili wala historia kwa familia: FIT kila mwaka ndo chaguo langu kwako bila kusita. Sampuli inafanywa nyumbani, hupotezi siku ya kazi, huhitaji mtu wa kukusindikiza, bei ni ndogo mara nyingi ukilinganisha na kamera, na hiyo kamera utaifanya ikiwa tu umeitwa. Anza kuulizia maabara ya spitali ya King Fahd hapa, wasipokua nacho uliza za binafsi au Malindi ukiwa na safari yako.

Ila kama wewe ni mtu unaejijua, kitu cha kila mwaka utasahau, na una uwezo wa kufanya safari moja kubwa ukamalizana nayo, basi chagua kamera. Hilo nalo ni jibu halali.

Kamera bila mjadala: mwenye dalili, mwenye mzazi au ndugu aliugua, mwenye ugonjwa wa utumbo kuvimba wa miaka mingi, alowahi kukatwa polipu, na familia ambayo saratani za utumbo na za kizazi zinarudi rudi watu wakiwa vijana. Hao FIT si yao.

Mtaambiwa pia kuna siti skani ya utumbo, na kuna kamera fupi. Siti inataka usafishe tumbo vilevile na ikiona kitu bado utarudi kwa kamera. Kamera fupi inaona sehemu ya mwisho tu. Kwetu naona zinaongeza safari bila kupunguza kitu.

Vyakula niseme kidogo. Nyama za viwandani, soseji, smoki na salami, Shirika la Afya Duniani kupitia taasisi yake ya saratani liliziweka 2015 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, gramu 50 kwa siku zinaongeza hatari kwa kama asilimia 18. Smoki mbili za njiani kila siku zinafika hapo. Nyama nyekundu ya kawaida punguza, isizidi kama nusu kilo ilopikwa kwa wiki, samaki tunao. Mkate wa mofa, mbaazi, kunde na mboga za majani zina nyuzi zinazosaidia, mkate mweupe hauna. Sigara acha, unene wa tumbo pia una mchango. Habasoda na asali kula ukipenda, ila zisishike nafasi ya kipimo wala ya opresheni. Na hakuna chakula kinachokuondolea haja ya kupima, babangu alikula samaki maisha yake yote.

Ikishakutwa: kemo ya dripu au ya vidonge

Hapa pia kuna kuchagua na sisi tulichagua, kwa hivo nieleze. Opresheni ndo tiba kuu, wanakata kipande chenye ugonjwa pamoja na tezi zake za limfu zilizo karibu wanaunganisha, na maabara inafaa ihesabu tezi zisizopungua 12, uliza hilo kwenye ripoti. Mfuko wa choo tumboni si wa kila mtu, watu wengi wa utumbo mpana hawauhitaji kabisa, wengine wanawekewa miezi michache unafungwa tena, wanaobaki nao daima ni hasa wale ambao saratani iko chini kabisa karibu na njia ya haja. Hao wa chini ndo mara nyingi hupewa mionzi kabla. Steji ya kwanza opresheni peke yake yatosha. Steji ya tatu, yani imeingia kwenye tezi, kemo, zile dawa za kuua saratani, inaongezwa, na ndo ilokua ya baba.

Daktari alitupa njia mbili. Ya kwanza ni dripu tupu: unakwenda kila wiki mbili, unawekewa dripu alafu chupa ya dawa inayoingia polepole masaa 46, kwa hivo kila safari ni siku mbili tatu, na mara nyingi wanaweka kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua. Ya pili ni dripu ya masaa kama mawili siku ya kwanza, alafu vidonge nyumbani siku 14, wiki moja mapumziko, unarudi wiki ya tatu.

Tulipiga hesabu kwa boti na basi. Ya kwanza kwa miezi sita ni safari 12. Ya pili kwa miezi sita ni safari 8. Na hapa ndo umuhimu wa kuuliza: utafiti mkubwa ulotoka 2018 ulionyesha kwa steji ya tatu isokua nzito sana, hii njia ya vidonge kwa miezi mitatu inatoa matokeo karibu sawa na miezi sita, na ganzi ya mikono na miguu inapungua sana. Kwa njia ya dripu tupu miezi mitatu haikufika vizuri hivo. Ya baba ilikua tezi mbili tu na haikutoboa ukuta wote, daktari akakubali miezi mitatu. Safari 4. Kutoka 12 mpaka 4, kwa mzee wa Lamu hiyo ni tofauti ya kumaliza dawa na kuacha njiani.

Lakini vidonge si vyepesi kwa kuwa ni vidonge. Ni kemo kamili, na hatari yake ni kwamba unaimeza nyumbani hakuna nesi. Anameza asubuhi na jioni ndani ya nusu saa baada ya kula. Homa ikifika 38, spitali, hata kama ni usiku wa manane. Akiharisha mara nne au zaidi kuliko kawaida yake kwa siku, anaacha vidonge anapiga simu, hasubiri kumaliza dozi. Ndo maana mtu wa Faza, Kizingitini au Kiunga naona mzunguko wa kwanza angalau akae Amu au Mokowe kwa mtu wake, boti usiku wakati wa kusi si kitu cha kutegemea. Asie na mtu wa kumuangalia, au asieweza kufuata ratiba ya vidonge, au figo zake si nzuri, huyo dripu yaweza kumfaa zaidi pamoja na safari zake.

Viganja na nyayo huwaka na kuchubuka, tulimpaka mafuta mazito asubuhi na usiku, ndara laini, hakuna kukanyaga mchanga wa moto. Na ile dripu ina jambo lake la baridi. Babangu ni muuza samaki. Siku ya pili baada ya dripu alitia mkono kwenye barafu akahisi kama amepigwa shoti, na koo likambana alipokunywa maji ya friji, akadhani anakufa. Hatukua tumeambiwa vizuri. Siku kadhaa baada ya kila dripu asiguse barafu, asifungue friza, maji na juisi zote za kawaida. Mdogo wangu ndo alishika biashara ile miezi.

Dawa na dripu alipatia Mombasa. Coast General, ile tunayoiita Makadara, ina kituo cha saratani, na pia kuna za binafsi. SHA, ile bima ya afya ya serikali, ina kifurushi cha saratani chenye kikomo kwa mwaka, uliza mwanzo kabisa kiasi gani kimebaki ndo upange, si katikati ya matibabu.

Baada ya kumaliza kuna kamera tena baada ya mwaka mmoja, damu na skani kwa ratiba, na kuna kitu kimoja kimetufurahisha: utafiti ulotoka 2025 wa watu 889 waliomaliza kemo, waliofuatiliwa kwenye mpango wa mazoezi miaka mitatu walikufa wachache zaidi kuliko walopewa kijitabu tu cha ushauri. Wengi wao walikua wanatembea kwa kasi, si mambo makubwa. Baba sasa anatembea kutoka Langoni mpaka Shela na kurudi, asubuhi kabla ya jua, na mimi humfuata siku ambazo sina kazi.

Mkoi alipeleka sampuli yake Jumatatu saa moja asubuhi, ndani ya kikoba cha baridi kama nilivomwambia. Majibu yametoka Alhamisi, hamna damu. Ya mwaka kesho ameiandika kwenye kalenda ya jikoni, mwezi wa 7, na mkewe ameandika jina lake chini yake, manake wakati huo atakua ametimiza 45.